PISTONI MBILI, TAA MBILI



Kila apitaye Kanduyi siku hizi, au aingiaye duka la vipuri katika mji wa Bungoma, ameiona picha hii. Pistoni mbili zimewekwa bega kwa bega. Ya kushoto ni nyeusi, ina masizi kama sufuria ya jikoni la kuni. Ya kulia yang'aa kama kikombe cha Komunyo. Chini yake pana mkebe wa oili, na maneno ya kusema kwamba oili hii huisafisha injini. Picha ya namna hii si ya kampuni moja tu. Imo katika mikebe ya aina nyingi, imo katika mabango ya vituo vya petroli, imo katika simu zetu, na hata katika kalenda ambazo wenye maduka hutugawia bure mwisho wa mwaka.

Sisi wafanyakazi wa reli twasema wazi kwamba picha hizo zatuambia habari za taa kuliko habari za oili. Na kwa kuwa wengi wetu tuna bodaboda za mkopo, au pikapu kuukuu, au ndugu mwenye trekta ya kukokota miwa, jambo hili lagusa mfuko wa mfanyakazi. Lita moja ya oili huweza kula ujira wa siku nzima wa kibarua. Kama twazungumza mishahara katika gazeti hili, yafaa pia tuzungumze mahali mshahara unapokwenda.

Mtu wa reli hahitaji kufundishwa habari za taa. Fundi wa shedi akitaka kuona ufa katika chuma haweki taa yake mbele moja kwa moja. Huishika ubavuni, chini kabisa, mwanga upite juu ya chuma kwa mshazari. Hapo kila mkwaruzo hutoa kivuli chake, na ufa mwembamba kama unywele huonekana. Akiileta taa mbele, ufa ule hupotea, na chuma kilekile huonekana laini kama sahani. Waliotufundisha kazi walitugombeza sana kwa jambo hili, maana taa ikishikwa vibaya watu hufa.

Mpiga picha wa matangazo ana elimu hiyohiyo. Pistoni ya kushoto akiimulika kwa ubavu, masizi yote hutoa vivuli, na kila chembe huonekana kama mlima Elgon. Pistoni ya kulia akiimulika kwa mwanga mpana uliopitishwa katika kitambaa cheupe, vivuli vyote huondoka. Hata kama pistoni hizo mbili zingekuwa na uchafu sawasawa, macho yako yangeapa kwamba moja imeoshwa.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalifikiri. Pistoni nyingi hutengenezwa kwa aluminiamu, na chuma chochote kinachong'aa ni kama kioo cha kujitazamia: huonyesha kile kilicho mbele yake. Weka karatasi nyeupe mbele ya pistoni safi, itakuwa nyeupe. Weka koti jeusi, nayo itakuwa nyeusi, wala hakuna aliyeichafua. Ndiyo maana wapiga picha wa vitu vya chuma hutumia muda mwingi kupanga vitambaa na karatasi kuliko kubonyeza kamera.

Na rangi ya taa nayo ina kazi yake. Balbu ya manjano hufanya kitu kionekane cha kale na kichafu. Taa yenye weupe wa kuelekea buluu hukifanya kipya. Mama zetu waliijua siri hii zamani. Walipofua mashati meupe walitia buluu kidogo katika maji ya mwisho. Buluu ile haikuondoa uchafu hata chembe. Iliondoa umanjano machoni pa watu, na shati likasifiwa kanisani. Hatukuwalaumu mama zetu, maana hawakumwuzia mtu yeyote shati lile kwa bei ya juu.

Ili tusiseme maneno matupu, wachache wetu wa tawi tulifanya jaribio siku moja ya Jumapili. Tuliomba pistoni iliyotolewa katika pikapu ya mwanachama, yenye masizi juu na rangi ya asali ubavuni. Hatukuisafisha wala kuifuta. Tuliipiga picha kwa simu moja, kwanza ndani ya stoo, juu ya gunia, kwa tochi iliyoshikwa ubavuni. Kisha tuliipeleka kizingitini, tukaiweka juu ya karatasi nyeupe, tukashika shuka jeupe upande wa pili ili mwanga urudi. Tulipozionyesha picha hizo mbili kwa wenzetu wakati wa chai, waliotazama waliuliza ni oili gani tuliyotumia, na duka gani linaiuza. Mmoja alitaka namba ya simu ya fundi. Tulicheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa kizuri, maana yule ndugu alikuwa amekwisha kutia mkono mfukoni.

Hatusemi kwamba kila tangazo limepigwa namna hii. Huenda pistoni nyingine ni safi kweli. Twasema kwamba mwenye picha hatuambii kama taa ilikuwa ile ile, kama pistoni ni ile ile, na kama injini ilitembea muda ule ule. Asipotuambia hayo, picha yake haina ushahidi wowote, hata ikiwa kubwa kama mlango.

Jambo la ajabu ni kwamba watu wa oili wenyewe hawaamini macho yasiyo na kanuni. Katika maabara za Marekani kuna majaribio yaitwayo Sequence III. Injini hufungwa chumbani, hukimbizwa kwa saa nyingi, kisha hufunguliwa ili pistoni zitazamwe. Katika jaribio la IIIG injini ilikimbia saa 100, na oili ikawa na joto la digrii 150. Maji huchemka kwenye digrii 100, basi pima mwenyewe ukali wa kazi hiyo. Baadaye lilikuja jaribio la IIIH, la saa 90. Pistoni zikitolewa, hutazamwa na mtu aliyefunzwa kazi ya kutoa alama, chini ya taa zilizowekwa kwa kanuni, huku akilinganisha rangi na vipimo vilivyokwisha kuandikwa. Kumi ni safi kabisa. Mbona basi kanuni ya taa yaishia mlangoni mwa maabara, nasi wanunuzi twaachiwa taa ya mpiga picha?

Hapa tusimame kidogo, maana kuna hesabu inayofaa kujulikana na kila mwenye injini. Katika kipimo kilichoitwa GF-5, kilichotolewa mwaka 2010, oili ilihesabiwa kuwa imepita jaribio la IIIG kama pistoni zimepata alama 4 kati ya 10. Katika kipimo cha GF-6 kilichofuata, kwa jaribio la IIIH, alama ya kupita ilikuwa 4.2. Sikieni vizuri: oili njema, iliyopita mtihani, huweza kutoa pistoni yenye alama nne juu ya kumi. Pistoni ya alama nne haing'ai kama kikombe cha Komunyo. Ina rangi ya kahawia, ina masizi, nayo yafanya kazi yake vizuri.

Oili moja ya Marekani iitwayo Pennzoil Platinum ilitangazwa kwamba huweka pistoni safi zaidi, hadi asilimia 40, kuliko kipimo kikali cha viwanda, na kwa herufi ndogo likatajwa jaribio la IIIG na kipimo cha GF-5. Twalisifu tangazo hilo kwa kutaja kipimo, maana wengi hawataji lolote. Lakini tufanye hesabu ya darasa la sita. Asilimia 40 juu ya alama 4 ni alama 5.6. Hayo ni maendeleo, hatukatai. Ila msomaji akiona asilimia 40 kando ya chuma kinachometameta, kichwani mwake huandika kumi juu ya kumi. Na neno "hadi" ni neno la ujanja. Mwajiri akikuambia atakuongezea mshahara hadi asilimia 40, chama kitamwuliza papo hapo: si chini ya ngapi?

Kuna jambo jingine kubwa kuliko hilo. Majaribio hayo huanza na pistoni mpya. Kinachopimwa ni kama oili yaweza kuzuia uchafu usishike. Hakuna aliyechukua injini ya miaka kumi na tano kutoka Chwele, akaimwagia oili, na kuitoa ikiwa mpya. Kuweka safi na kusafisha ni mambo mawili. Mtu akiahidi kulinda shamba lako lisiote magugu, hajasema kwamba atalima lile ambalo limekwisha kuwa pori. Lakini picha ya pistoni mbili husomwa na kila mtu kwamba kushoto ni kabla na kulia ni baada. Huenda hazikutoka hata katika injini moja. Zipo oili zinazotangazwa kwamba huondoa uchafu wa zamani polepole, na huenda zinafanya hivyo. Basi mwenye kutangaza na aseme ni baada ya kilomita ngapi, na kubadilisha oili mara ngapi.

Mwenzetu mmoja aliiamini picha. Alikuwa na bodaboda ya mkopo na pikapu ya kurithi. Dukani aliuziwa dawa ya kuoshea injini pamoja na oili ya mkebe wa picha, akaambiwa kwamba injini itarudi ujana. Pikapu ile ilikuwa na tope la miaka mingi ndani. Tope liling'oka vipande vipande, likaziba chujio la chini linalovuta oili. Taa nyekundu iliwaka barabarani, na kabla hajafika nyumbani injini ilikuwa imeanza kugonga. Fundi wa zamani angemwambia kwamba tope la miaka mingi haling'olewi kwa siku moja; hubadilishwa oili kwa nafasi fupi fupi, au hufunguliwa sampu na kusafishwa kwa mkono. Ile iliyobaki katika mkebe aliitia katika bodaboda. Ilikuwa oili ya gari. Bodaboda nyingi huwa na klachi inayooga ndani ya oili ya injini, na oili nyingine za magari zina dawa ya kupunguza msuguano ambayo huifanya klachi iteleze. Kwa pikipiki za namna hiyo kuna alama ya JASO MA, iliyowekwa na Wajapani. Alama hiyo ni ndogo kuliko ukucha, na mara nyingi hukaa nyuma ya mkebe. Hatutaji duka, maana mwenye duka naye alikuwa ameiamini picha.

Tena picha hizi zimewafundisha watu vibaya juu ya rangi ya oili. Oili mpya hupigwa picha katika chupa, taa ikiwa nyuma, iwake kama asali. Oili nyeusi hupigwa taa ikiwa mbele. Lakini oili yoyote ikiwa nyembamba huonekana ya manjano, na ikiwa nzito katika beseni huonekana nyeusi. Na zaidi ya hapo, oili njema ina kazi ya kuyashika masizi na kuyabeba, yasitue juu ya vyuma, mpaka umwage. Kwa injini ya dizeli, oili hugeuka nyeusi upesi. Hiyo ni dalili kwamba inafanya kazi. Tunawajua watu waliomwaga oili ya siku tano kwa sababu tu ilikuwa nyeusi, wakanunua nyingine.

Huko kwetu kwenye reli oili haihukumiwi kwa rangi. Injini moja ya treni hubeba mamia ya lita, na hakuna mkubwa atakayekubali kuzimwaga kwa kutazama tu. Huchukuliwa kichupa kidogo, na maabara hupima chuma, shaba na risasi zilizomo, kwa sehemu katika milioni. Shaba ikipanda, beringi inaliwa. Maji yakionekana, kuna mahali panapovuja. Mwenye bodaboda hana maabara, lakini kuna jaribio la zamani ambalo kila mtu aweza kulifanya. Chukua karatasi ya kukaushia wino, au karatasi nyeupe ya kuchujia. Injini ikiwa na joto, toa kijiti cha kupimia oili, angusha tone moja katikati ya karatasi, uilaze mahali ambapo katikati yake haigusi kitu, uiache usiku kucha. Tone likitawanyika kwa upana, weusi ukififia polepole kuelekea pembeni, oili bado inabeba masizi. Likibaki duara jeusi katikati lenye ukingo mkali, na nje yake mafuta matupu, oili imechoka na masizi yanaanza kutua. Mwage. Karatasi hiyo itazameni mchana, mahali pamoja, kila mara.

Msidhani kwamba ni sisi wa kwanza kulalamika. Huko Marekani jambo hili lilifika hadi mahakama kuu. Kampuni ya Colgate-Palmolive ilitangaza sabuni ya kunyolea, Rapid Shave, katika televisheni, ikionyesha inanyoa hata msasa. Kumbe kilichonyolewa kilikuwa kipande cha plastiki kilichonyunyizwa mchanga. Msasa wa kweli ulihitaji kulowekwa dakika 80 hivi. Wenye kampuni walijitetea kwamba msasa wa kweli haupendezi katika televisheni, huonekana kama karatasi tu. Mwaka 1965 mahakama kuu ilikataa. Ilisema kwamba kumwonyesha mtu jaribio ambalo si jaribio ni kumdanganya, hata kama bidhaa yaweza kufanya kinachosemwa. Mwaka huohuo mahakama ya rufani ilihukumu habari za vioo vya magari ya General Motors, vilivyotengenezwa na Libbey-Owens-Ford. Kioo kibaya kilikuwa kimepakwa mistari ya vaselini. Kioo kizuri, katika picha nyingine, hakikuwapo. Dirisha lilikuwa limeteremshwa. Na mwaka 1997 wenye dawa ya injini ya Slick 50 walikubaliana na Tume ya Biashara ya nchi hiyo kwamba hawatadai mambo ambayo hawana ushahidi wake.

Nasi hapa Kenya hatuko bila silaha. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 chataka mnunuzi apewe habari anazohitaji ili afaidi bidhaa, na chaliagiza Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki na ya kweli. Kuna Sheria ya Ushindani ya 2010, na Sheria ya Kulinda Wanunuzi ya 2012, zote zakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha. Sheria hizi zimelala kabatini kwa sababu mtu mmoja haendi kushitaki kwa mkebe mmoja. Lakini chama si mtu mmoja. Twaomba makao makuu ya chama yaandike barua kwa Mamlaka ya Ushindani, yakitaka kila picha ya kulinganisha vyuma iandikwe kandoni kama ni chuma kilekile, taa ileile, na saa au kilomita ngapi, kwa herufi zinazosomeka na mtu aliyesimama kaunta. Asiyeweza kuandika hayo na auze oili yake bila picha. Oili iliuzwa miaka mingi bila picha.

Mpaka jibu lije, geuzeni mkebe. Nyuma yake kuna herufi za API, yaani Taasisi ya Petroli ya Marekani. Kwa injini za petroli, SP ilianza mwaka 2020. SF ni ya injini za 1988 na za kabla ya hapo. SA, kwa maneno ya taasisi yenyewe, haifai injini nyingi zilizotengenezwa baada ya 1930, mwaka ambao reli ilikuwa bado haijafika Kampala. Mkebe waweza kuwa na pistoni ya dhahabu mbele na SF nyuma. Someni pia namba ya unene, kama 20W-50 au 15W-40, mlinganishe na kitabu cha gari. Alama ya ubora ya KEBS ina namba ya kibali; andikeni SM, kisha alama ya #, kisha namba hiyo, mtume kwa 20023, mtaambiwa kibali ni cha nani. Na mkebe mtupu utobolewe, maana wapo wanaoununua ili waujaze oili iliyokwisha kutumika.

Karatasi za kukaushia wino ziko kwa karani wa tawi, pamoja na zile picha mbili za pistoni, kwa yeyote atakaye kumwonyesha fundi wake au mwenye duka. Mwanachama mwenye mkebe wa picha asioutupe. Tunakusanya mikebe hiyo ipelekwe pamoja na barua, na mpaka sasa tunayo saba.